Urithi wa Baba Mkali

Amri ya Nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Haikusema kwamba tuwaheshimu wazazi walio wapole tu, wala haikuweka sharti kwamba baba astahili kwanza ndipo aheshimiwe. Mtoto aliyelelewa na baba mwema huipokea amri hiyo kama mtu aambiwaye ale chakula akipendacho. Walakini wako watu wengi miongoni mwetu, wengine wamekwisha kuota mvi, ambao wasikiapo baba wa watu wakisifiwa kanisani au arusini hutazama chini. Baba zao walikuwa wakali, watu wa maneno machache na fimbo ya karibu. Na sasa wamekwisha kufa. Watu hao wana swali ambalo si rahisi kulisema mbele ya wengine: Nimheshimu kwa lipi? Na nyuma ya swali hilo liko jingine zito zaidi: Ikiwa mimi ni mwana wa mtu yule, basi mimi ni mtu gani?

Ndugu msomaji, swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu la haki. Shida ni kwamba wengi hulijibu upesi mno. Wako wasemao kwamba marehemu hasemwi vibaya; hao humpaka baba yao chokaa kama kaburi, wakamfanya mtakatifu siku ile ile aliyozikwa. Wako na wasemao, "Mimi sikupata kitu kwake, hivi nilivyo nimejifanya mwenyewe." Hao humfuta baba yao kama mwalimu afutavyo ubao. Twaona kwamba majibu yote mawili ni ya uongo, tena yamdhuru mwana aliye hai kuliko baba aliyekwisha kufa; kwa sababu mtu asiyejua alichorithi hawezi kujua la kutunza wala la kuacha.

Anayemdai na anayedaiwa

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtu akifa, msemaji wa ukoo husimama mazikoni, au siku ya kuondoa tanga, akauliza maneno mawili. Ni nani anayemdai marehemu? Na ni nani anayedaiwa naye? Maneno hayo yakiisha kujibiwa ndipo mali yake hugawanywa. Wazee wetu walikuwa na busara kubwa katika jambo hili. Hawakumruhusu mrithi kuchukua ng'ombe na kuyaacha madeni. Wala hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba, kwa kuwa marehemu alikuwa na madeni, basi ng'ombe wake hawakuwa ng'ombe. Vyote viwili vilitajwa hadharani, na kila kimoja kiliitwa kwa jina lake.

Urithi wa tabia nao yafaa kuhesabiwa vivyo hivyo. Ampakaye baba yake chokaa amechukua ng'ombe na kuyakana madeni. Amfutaye kabisa amekubali madeni peke yake, akawaachia ng'ombe wapotee porini. Kuwaheshimu wazazi hakudai uongo wa namna yo yote. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za Nuhu, jinsi alivyolewa akalala uchi hemani mwake, na jinsi Shemu na Yafeti walivyochukua vazi, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika. Wana hao hawakusema kwamba baba hakulewa. Hawakumwita mtu aje atazame, wala hawakujidanganya kwamba hakuna kilichotokea. Walijua, wakafunika. Heshima ya mwana kwa baba mwenye kosa ni kama vazi lile: lamsitiri mtu, wala halibadili yaliyotendeka.

Mwana wa Thagaste

Mfano wa hesabu iliyofanywa sawasawa tunao katika bara letu hili la Afrika. Mtakatifu Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, mahali paitwapo leo Souk Ahras, nchini Aljeria. Habari za mama yake, Mtakatifu Monika, tumezisikia tangu utoto. Lakini ni wangapi wamjuao baba yake? Aliitwa Patricius, naye alikuwa mmoja wa madiwani wa mji ule mdogo, mtu wa mali kidogo. Alikuwa mwepesi wa hasira, wala hakuwa mwaminifu katika ndoa yake. Augustino mwenyewe ayaandika hayo waziwazi katika kitabu chake cha Maungamo, alichoanza kukiandika yapata mwaka 397, naye akiwa askofu wa Hippo. Asimulia kwamba wako wanawake wa mjini ambao waume zao walikuwa wapole kuliko Patricius, na hata hivyo nyuso zao zilikuwa na alama za mapigo. Wanawake hao walistaajabu kuona kwamba Monika hapigwi, maana ukali wa mumewe ulijulikana na wote.

Lakini Augustino aandika na upande wa pili wa hesabu. Alipokuwa na miaka 16 alirudishwa nyumbani kutoka masomoni Madauros, akakaa bila shule, kwa sababu baba yake alikuwa akikusanya fedha za kumpeleka Carthage. Gharama hiyo ilipita uwezo wa Patricius. Watu walimsifu kwa ajili yake, maana wako wenyeji waliomzidi sana kwa utajiri, nao hawakujisumbua hivyo kwa watoto wao. Na hata katika kuisimulia sifa hiyo Augustino hafichi dosari: asema kwamba baba yake alitaka mwana awe msemaji hodari tu, wala hakujali anakua namna gani mbele ya Mungu. Basi sifa na lawama zakaa katika habari moja, bila moja kuimeza nyingine.

Patricius alibatizwa karibu na mwisho wa maisha yake, akafa mwanawe akiwa kijana wa miaka kama 17. Augustino akitaja kifo hicho kwa maneno machache mno, kama mtu apitaye njia na kuendelea na safari yake. Mama yake alipokufa, mwaka 387, alimlilia na kuandika kurasa nyingi. Kwa baba hatuoni chozi. Hata hivyo ule ufasaha aliolipiwa na Patricius ulimfanya kuwa mwalimu huko Carthage, kisha Roma, kisha Milano, alikobatizwa na Mtakatifu Ambrosi. Na baadaye ukawa chombo mkononi mwa askofu ambaye vitabu vyake vyasomwa ulimwenguni hata leo. Je, Patricius aliyakusudia hayo? La hasha. Alitaka mwana mwenye cheo. Lakini hakuna awezaye kumsoma Augustino kwa haki akasema kwamba jasho la baba yake halimo katika wino ule.

Na mwana aliyajua hayo. Mwisho wa kitabu cha tisa cha Maungamo, zaidi ya miaka 25 tangu baba yake afariki, Augustino awaomba wasomaji wake wawakumbuke altareni Monika na Patricius, wazazi wake wote wawili. Hapo amtaja baba kwa jina. Hakuifuta hata dosari moja aliyokwisha kuiandika nyuma. Aliweka ukweli wote mezani, kisha akamwombea.

Sauti ya mnyapara

Mwandishi wa maneno haya anayo sababu ya kuupenda mfano huo. Baba yangu alikuwa manamba. Wazee walifahamu vema neno hilo: ndivyo walivyoitwa watu walioandikishwa kwa namba kwenda kukata mkonge, huko Tanga na kwingineko, wakitoka Kigoma, Songea, na hata Burundi, zamani za ukoloni, wakati Tanganyika ilipokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Kila mmoja wao alikuwa na kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Aliyemaliza sehemu aliyopimiwa alitiwa alama. Asiyemaliza, siku yake haikuhesabiwa, hata kama alitoka jasho tangu alfajiri. Na juu yao alisimama mnyapara, ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza mtu ameamkaje.

Baba aliuacha mkonge tukiwa wadogo, akarudi kulima shamba lake mwenyewe. Lakini kipande hakikumtoka moyoni. Kila mtoto alipimiwa matuta yake, na jioni baba alipita kuyakagua kimya. Akiona magugu katika tuta, lilirudiwa lote, hata kama jua limekwisha kuchwa. Neno "vema" hatukupata kulisikia kinywani mwake. Akipita bila kusema kitu, hiyo ndiyo ilikuwa sifa. Makosa aliyajibu kwa fimbo, naye hakuuliza kwanza kulikoni. Tukimsikia akikohoa njiani, michezo yetu ilikoma. Mama alitusemea mara nyingi, lakini yeye naye alisema kwa sauti ya chini.

Mtu huyo huyo alivaa koti moja miaka mingi ili karo yetu ilipwe. Akikopa sumni, aliirudisha kwa miguu kabla mwenye nayo hajaikumbuka. Alipokufa, msemaji wa ukoo aliuliza, kama ilivyo desturi, ni nani anayemdai marehemu. Watu wakanyamaza. Hakujitokeza hata mmoja, na wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, maana mtu afaye bila deni ni adimu. Lakini sisi watoto wake tulioketi mkekani tulijua kwamba liko deni moja lisiloweza kutangazwa mbele ya watu. Tulimdai neno moja la upole, naye amekwenda nalo.

Nimeitafakari hesabu hiyo kwa miaka mingi, na nililoliona ni hili: mali ile na deni lile vilitoka mahali pamoja. Kipande kilichomfundisha kwamba kazi ya nusu si kazi, ndicho kilichomfundisha kwamba mtu husemeshwa kwa amri. Alirudi kutoka mashambani na vitu viwili katika mfuko mmoja: uaminifu wa mtu ambaye siku yake sharti ihesabike, na sauti ya mnyapara. Yeye hakuweza kuvitenganisha. Pengine hakuna aliyepata kumwambia kwamba vyaweza kutenganishwa. Kujua hivyo hakuyafuti mapigo. Mapigo yalikuwa mapigo. Lakini kwajulisha yalikotoka, na mtu akijua maji yanatoka wapi aweza kuyachimbia mfereji. Kazi hiyo ya kutenganisha baba ametuachia sisi, nayo ni sehemu kubwa ya urithi wetu.

Hapo ndipo lile swali la "mimi ni mtu gani" lianzapo kupata jibu. Mtu huyaona mambo ya baba yake ndani yake bila kuyaalika. Hapati usingizi kazi ikiwa haijaisha. Haoni raha kupita mlangoni pa mtu aliyemkopesha. Siku moja ajikuta amesimama na mikono nyuma, sawasawa na alivyosimama mzee. Na siku nyingine, mtoto akivunja chombo, ahisi kooni mwake sauti inapanda, sauti aliyoifahamu zamani, kabla hajajua kusoma.

Wakati huo ni wakati wa kuchagua. Aliyemkana baba yake hataitambua sauti hiyo. Ataidhania kuwa ni yake mwenyewe, tena kuwa ni haki yake. Aliyempaka baba chokaa ataiachia itoke, akisema kwamba ndivyo sisi tulivyolelewa. Lakini aliyeifanya hesabu sawasawa ataijua mara moja kuwa ni ya mnyapara wa mkonge, aliyekwisha kufa zamani, asiye na kazi tena katika nyumba hii. Naye atairudisha chini, bila kuacha kuyakagua matuta. Mtu huyo hakumtupa baba yake, wala hakuwa nakala yake. Amekuwa mwanawe, nao wana ni watu wenye hiari.

Maonyo matatu

Hapa yafaa kuonya, ili maneno yetu yasitumiwe vibaya. Kwanza, wako watu wazima wanaosema kwa majivuno, "Baba alinipiga, na ndiyo maana nimekuwa mtu." Kwa heshima zote, hoja hiyo haisimami. Wengi waliopigwa kuliko wao wameharibika, na wengi wasiopigwa kamwe wamekuwa watu wa maana. Kilichomlea mtoto ni jasho la baba, na uaminifu wake, na kule kurudi kwake nyumbani kila jioni. Fimbo ilifuatana na hayo kama kupe na ng'ombe. Haiwezekani kusema kwamba kupe ndiye aliyemnenepesha. Mtume Paulo, katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, akiisha kuwakumbusha watoto utii, awageukia mara ile akina baba na kuwakataza wasiwatie watoto wao hasira. Kwa hiyo mwenye kumshukuru baba mkali aushukuru wema wake. Ukali hana sababu ya kuushukuru, wala ya kuuendeleza.

Pili, msomaji mwingine ataniambia: "Wewe baba yako alikulipia karo. Wangu aliuza hata mabati ya nyumba kwa ajili ya pombe. Hesabu yangu mimi ina nini?" Hatutaki kumjibu mtu huyo kwa maneno mepesi. Uko urithi mchungu, nao hauwi mtamu kwa kuitwa mtamu. Hata hivyo atazame jambo moja. Wana wengi wa walevi hawagusi pombe maisha yao yote, wakidhani kwamba wamemkimbia baba. Kumbe bado yeye ndiye awaonyeshaye njia, maana aendaye kinyume cha nyayo sharti azitazame nyayo. Siku watakapoiacha pombe kwa sababu ni vema kuiacha, wala si kwa sababu yeye aliinywa, ndipo watakapokuwa huru naye. Uhuru huo haupatikani kwa kusahau. Wapatikana kwa kuitaja hesabu kama ilivyo. Amri ya Nne haimlazimishi mwana kusema kwamba baba alikuwa mwema. Yamtaka asimwongezee ubaya ambao hakuutenda, asimnyime hata jema dogo alilolitenda, na amwombee kwa Mungu, ambaye ndiye peke yake amjuaye mtu mzima.

Tatu, ndugu wa tumbo moja hawakulelewa na baba yule yule. Kifungua mimba alilelewa na kijana mwenye hofu ya kodi na njaa. Kitinda mimba alilelewa na mzee ambaye nguvu na hasira zimekwisha kupungua, ambaye huenda alimletea sukari guru kutoka sokoni. Ndiyo sababu ndugu hugombana wakikutana kumkumbuka marehemu. "Baba hakuwa hivyo!" asema mmoja, na mwingine ajibu, "Wewe ulikuwa hujazaliwa." Wote wasema kweli. Haifai kaka kumnyang'anya mdogo wake baba aliye mpole, wala haifai mdogo kumwambia kaka ayasahau makovu yake. Wakikubali kusikilizana, watamwona mtu mmoja aliyekuwa akibadilika mwaka hadi mwaka. Na kaka mkubwa huenda akapokea kwa mdogo wake habari za baba ambaye yeye hakujaliwa kumwona. Twawashauri jamaa walio katika matanga wapate saa moja ya mazungumzo kama hayo. Yana faida kuliko ugomvi wa mashamba.

Neno kwa walio hai

Kwa akina baba mlio hai twasema neno moja tu. Deni la fedha hulipwa na warithi wako. Deni la neno jema hakuna mrithi awezaye kulilipa kwa ajili yako. Mwite mwanao leo, umwambie kwamba kazi yake umeiona, nayo ni njema. Ikiwa ulimi wako haukuzoea, sema kwa kifupi, yeye atasikia.

Nanyi wana wa baba walio wagumu, wala msione haya kwamba jambo hili limewachukua miaka mingi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3 ya kitabu chake, amsihi mwana amvumilie baba hata akili yake ikipungua. Basi mvumilieni na yeye ambaye akili yake ilikuwa timamu, lakini upole wake ulipungua. Kila mwezi wa Novemba Mama Kanisa hutuwekea wakati wa kuwaombea marehemu, na majina yao huandikwa na kupelekwa altareni. Liandikeni na jina lile gumu. Liandikeni mkiwa mwakumbuka yote, karo na fimbo, koti moja na ukimya mrefu. Likiisha kupelekwa altareni, rudini nyumbani mkamalize kazi yenu kama alivyowafundisha, na mseme na watoto wenu kwa sauti ambayo hakujaliwa kuwafundisha.